Vigae

Walinipasua Jumanne. Utumbo ulikuwa umejisokota
kama kamba ya ndoo.
Jumatano alfajiri, ukungu wa Newala ungali dirishani,
akaja nesi Nachilima, sweta juu ya sare,
akasema: "Bibi Somoe, shuka."

Nikadhani anamwita mwingine.
Nishuke? Mie niliyeshonwa jana kama gunia, kwa shazia?
Dada yangu Namtema akaziba njia, mikono kiunoni:
"Kidonda kibichi hakitikiswi!
Kwetu mgonjwa hulala, hulishwa uji, huombewa dua."

Nesi hakubishana. Alichukua mto, akanipakatisha.
"Ukumbatie. Ukikohoa, ubane.
Damu ikilala sana, huganda miguuni.
Mapafu yakilala, hushika nimonia.
Utumbo nao ukilala husahau kazi,
na nani atauamsha kama si miguu yako?"

Miguu yangu.
Hii iliyoteremka genge usiku wa manane
kufuata maji, kabla bomba halijatufikia,
mtoto mgongoni, ndoo kichwani,
ikapanda tena jua likiwa limeshatoka.
Leo inaning'inia ukingoni mwa kitanda,
imepauka kama mihogo iliyomenywa,
na sakafu iko chini kuliko bonde la Ruvuma.

Dunia ikazunguka. Nikatapika kidogo kwenye beseni la bluu.
"Tuisubiri," akasema nesi. "Ikichoka itatulia."

Kigae cha kwanza.
Mshono ukanivuta kama mtu anayekumbusha deni.
Cha pili. Cha tatu. Chuma cha dripu ubavuni,
gurudumu moja bovu, kwii, kwii.
Vigae sita hadi dirishani, sita kurudi,
nikajitupa kitandani nikitweta
kama niliyepulizia salfa shamba zima peke yangu.

Mchana akapita: "Umeshajamba?"
Wodi nzima ikasikia. Nikajifunika kanga usoni.
Mimi! Kungwi! Niliyewafunda wari wa vijiji vitatu
kwamba mwili una adabu zake!
"Bado," nikanong'ona.
"Basi jioni tena. Safari hii utoke koridoni."

Jioni Namtema kaenda kupika, nesi kaitwa leba,
nikatoka na chuma changu na mto wangu.
Saa ya kuona wagonjwa. Na nani kasimama pale na chupa ya uji?
Chitanda, mume wa binti yangu,
ambaye miaka kumi na mmoja tumeishi kwa kukwepana,
akipita huku, mimi napita kule,
hata sahani hatujapokezana mkono kwa mkono.

Kigae cha kumi na nne, goti likalegea.
Akanidaka.
Hakunitazama. Alitazama ukuta, tangazo la kunawa mikono,
akaanza kulisoma kwa sauti, neno kwa neno,
nasi tukatembea.
Cha kumi na tano.
Cha kumi na sita.
Kwenye cha kumi na nane tumbo likanguruma kwa mbali,
kama lori la korosho likipanda kilima cha Kitangari,
likaja, likaja,
na kabla sijaubana mto

Ee Mola wangu.
Korido nzima.

Chitanda akameza mate.
Kisha, macho yangali ukutani, akasema taratibu:
"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu."

Nachilima akachomoza mlangoni, glavu mikononi:
"Nimesikia mimi! Mungu mkubwa! Mpeni uji!"
Nikacheka, mshono ukauma,
nikaukumbatia mto, nikacheka tena.

Tulikuwa mbali na kitanda. Sikuwa nimehesabu
vigae vya kurudi.
"Haya, baba," nikamwambia, "endelea kusoma."
Akakohoa, akatafuta alipoishia:
"Paka sabuni. Sugua katikati ya vidole."